Hodi Mkunazini: siku nne kwenye kanisa lenye wenyewe

Alhamisi

Bibi alinikataza kwanza, halafu akanipa masharti. Ndivyo anavyotoa ruhusa. Nilimwambia nakwenda Unguja kwa siku nne, nitalala Mkunazini, ndani ya uwanja wa kanisa, kwenye hosteli iliyokaa juu ya vile vyumba vya chini ya ardhi. Hakunijibu. Aliendelea kupepeta mchele, ungo ukipanda na kushuka, mpaka nikadhani hakunisikia.

"Pale pana wenyewe," akasema mwishowe. "Ukifika, piga hodi. Usiingie kama mtu anayeingia sokoni."

Sidhani kama alipima uzito wa neno hilo la mwisho. Pale palikuwa soko kweli, na bidhaa zake zilikuwa watu. Palifungwa mwaka 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza, na Krismasi ya mwaka ule ule likawekwa jiwe la msingi la kanisa. Tangu hapo kuna watu wanaopita Mkunazini usiku kwa kuharakisha hatua, na Bibi ni mmoja wao, ingawa alikwenda Unguja mara moja tu maishani.

Ana sababu yake. Bibi ni mzaliwa wa Bagamoyo. Mama wa bibi yake aliletwa pwani akiwa mtoto, kwa miguu, kutoka upande wa Ziwa Nyasa. Jina alilopewa na wazazi wake halijulikani na mtu yeyote katika ukoo wetu. Walimwita Mnyasa, akazeeka akiitwa Mnyasa, akazikwa akiitwa Mnyasa. Mpaka leo tukimtaja tunasema Bi Mnyasa, kana kwamba alizaliwa na ziwa. Hatujui kama alipitishwa Unguja au aliishia Bagamoyo. Nilitaka kwenda kuiona sehemu ambayo pengine aliiona.

Boti ilitoka Dar es Salaam asubuhi, na baada ya saa mbili hivi tukawa bandarini Malindi. Sikuchukua teksi. Nilitembea na begi langu mgongoni, nikapita Darajani kwenye kelele za samaki na viungo, nikaingia vichochoro. Unapokaribia Mkunazini unaona juu ya mapaa ya mabati vitu viwili vikisimama jirani: mnara wa msikiti na mnara wa kanisa. Kwa mbali unaweza kudhani ni vya jengo moja.

Nilikuwa nimechoka, jua limepanda. Lango lilikuwa wazi. Dada wa mapokezi alinipa ufunguo, nikapanda ngazi, nikajitupa kitandani. Nilikuja kukumbuka masharti ya Bibi jioni, nikiwa nimekwishaingia, nimeoga na kulala. Hodi sikupiga.

Baada ya alasiri nilitoka kutafuta watu wa kuzungumza nao. Kwenye baraza moja nyuma ya Mkunazini walikaa wazee wanne na birika la kahawa. Niliamkia, "Shikamooni," wakanisogezea nafasi. Nilipowaambia nimelala wapi, mmoja aliweka kikombe chini.

"Mwanangu, humo umelala mwenyewe?"

Walinisimulia kwa zamu. Kwamba usiku husikika vyuma vikiburutwa. Kwamba mlinzi mmoja wa zamani alikuwa akisikia mtoto analia chini ya sakafu, akateremka na taa, sauti ikahamia juu. Kwamba nyumba ya Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa watumwa, kule Shangani nayo ni hivyo hivyo, wapangaji wake wamezoea kusikia vishindo. Na kwamba Mambo Msiige, lile jengo la katikati ya karne ya kumi na tisa linalotazama bahari, lina watu waliozikwa hai ndani ya kuta zake ili lisimame imara. Mkubwa wao alisikiliza yote bila kuongeza kitu. Nilipoaga ndipo akasema kwamba mama yake, kila alipopita mbele ya kanisa lile, alikuwa akiacha kuzungumza mpaka avuke kona. Hakuwahi kumweleza kwa nini. Naye hupita hivyo hivyo.

Hilo ndilo lililonikaa kichwani kuliko vyuma vyote.

Ijumaa

Niliteremka vyumba vya chini mapema, kabla ya makundi ya watalii. Mwongozaji wetu alikuwa mama wa makamo, mwenyeji wa hapo hapo mjini, mwenye sauti ya chini. Tulikuwa watu watano. Alituambia tuiname, na ni kweli lazima uiname; mtu mzima hawezi kusimama wima mle. Kuna vyumba viwili. Kila kimoja kina majukwaa ya mawe pande zote mbili na mfereji katikati, na juu kabisa ya ukuta kuna matundu membamba yanayoingiza hewa na kipande cha mwanga. Minyororo imelazwa juu ya jukwaa.

Kwa maelezo yanayotolewa pale, chumba kikubwa kilikuwa kikiwekwa wanawake na watoto 75, kile kingine wanaume 50, kwa siku kadhaa kabla ya kupandishwa sokoni. Sisi watano tu tulikuwa tumebanana. Dakika ya tatu shati langu lilikuwa limelowa. Mmoja wetu, kijana aliyekuja na mchumba wake, alitoka nje bila kusema neno na hakurudi.

Niseme jambo hapa, kwa sababu ukweli wa mahali kama hapa ni amana. Wapo wanahistoria wanaosema vyumba hivi vilijengwa baada ya soko kufungwa, pamoja na jengo la hospitali ya misheni lililo juu yake, na kwamba vilikuwa stoo. Nilimuuliza mwongozaji. Hakukasirika. Alinijibu kwamba habari hiyo anaijua, na kwamba hata kama vyumba vitabishaniwa, uwanja haubishaniwi. Watu walisimamishwa hapa nje, wakapekuliwa meno, wakatembezwa mbele ya wanunuzi. Nakubaliana naye, lakini napenda zaidi mgeni aambiwe yote mawili. Waliouzwa pale hawahitaji kuongezewa chochote, yaliyowapata yanatosha.

Nje, pembeni mwa kanisa, kuna shimo la mraba, na ndani yake wamesimama watu watano wa mawe wakiwa na pingu shingoni, mnyororo ukiwaunganisha. Ni kazi ya msanii wa Kiswidi, Clara Sörnäs, ya mwaka 1998. Miguu yao haionekani, imezama kwenye ardhi. Unapowaangalia kutoka juu wewe ndiye unayekuwa mnunuzi, na nikiri kwamba nilipoligundua hilo nilichuchumaa, nikakaa hivyo mpaka macho yangu yalipokuwa usawa wa vichwa vyao. Mwanamke mmoja kati ya wale watano anatazama chini. Uso wake hauna hasira. Amechoka tu, uchovu wa mtu aliyetembea miezi.

Kisha kanisa lenyewe. Kanisa Kuu la Kristo, la Waanglikana, lilijengwa na UMCA, misheni ya vyuo vikuu vya Uingereza kwa Afrika ya Kati, iliyohamia Unguja mwaka 1864. Aliyelisimamia kwa moyo wote ni Edward Steere, aliyepata uaskofu mwaka 1874. Huyu ndiye aliyetoa kitabu cha sarufi ya Kiswahili mwaka 1870 na kuanza kutia Maandiko katika lugha yetu. Vijana waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa walifanya kazi katika kiwanda chake cha uchapaji, wakipanga herufi moja moja. Nilipolifikiria hilo nikiwa kwenye benchi nilitetemeka kidogo: baadhi ya kurasa za kwanza za Kiswahili kilichopigwa chapa zilipangwa na mikono iliyowahi kufungwa.

Paa lake ni la kuviringa kama pipa lililokatwa katikati, zege la matumbawe yaliyosagwa na saruji, bila nguzo ya kulishika katikati. Karibu na mlango kuna nguzo za marumaru zilizosimamishwa kichwa chini. Inasimuliwa kwamba mafundi waliziweka hivyo Askofu akiwa safarini, na aliporudi akaziacha. Wageni hucheka wanapoambiwa. Mimi nilizipenda. Mtu ambaye hajawahi kuona nguzo ya namna ile atajuaje juu ni wapi?

Mbele, karibu na madhabahu, kuna duara la marumaru nyeupe lililozungushiwa nyekundu. Hapo, kwa masimulizi ya kanisa, ndipo uliposimama mti wa kuchapia watumwa ili mnunuzi aone nani anastahimili. Wekundu ni damu. Sikulikanyaga. Niliona mama mmoja aliyekuwa anafagia akizungushia fagio lake pembeni, na yeye halikanyagi.

Kushoto kuna msalaba wa mti uliotoka Chitambo, katika Zambia ya leo. Chini ya mti ule ndipo ulipozikwa moyo wa David Livingstone mwaka 1873. Waliouzika ni watumishi wake, Chuma na Susi na wenzao, ambao baadaye waliubeba mwili wake zaidi ya kilomita 1,500 mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Chuma alikuwa mtoto wa Kiyao aliyefunguliwa kutoka kwenye msafara wa watumwa mwaka 1861. Alifia hapa Unguja mwaka 1882, mwaka ule ule aliokufa Steere. Kwangu msalaba ule ni wake Chuma kama ulivyo wa Livingstone. Alikuwa mtoto mwenye kamba shingoni, na utu uzima wake ukawa wa kubeba maiti ya rafiki kuivusha nusu ya bara ili ikazikwe na watu wake.

Kisha nikaanza kusoma kuta, na hapo ndipo siku yangu ilipobadilika. Kuta za kanisa zina mabamba ya kumbukumbu. Wapo mabaharia wa Kiingereza waliokufa wakifukuza majahazi ya watumwa, wapo wamisionari. Steere mwenyewe amezikwa nyuma ya madhabahu. Majina, vyeo, tarehe. Sina kinyongo na majina yale. Walikufa mbali na kwao, na wengine walikufa kwa ajili ya watu kama Bi Mnyasa. Lakini nilizunguka kanisa zima nikitafuta jina moja la mtu aliyeuzwa pale uwanjani. Yangetoka wapi? Forodha iliandika vichwa na ushuru. Hakuna karani aliyemuuliza mtoto, "Unaitwa nani?"

Nikamkumbuka mama wa yule mzee wa barazani, anayenyamaza mpaka avuke kona. Mtu hunyamaza hivyo anapopita karibu na kaburi.

Adhana ya Ijumaa ikaanza kutoka msikiti wa jirani, ikaingia kanisani kupitia madirisha, ikajaa paa lile la pipa. Mama mwenye fagio alisimama akasubiri mpaka iishe, ndipo akaendelea.

*Usiku wa Ijumaa.* Naandika haya saa nane za usiku kwa taa ya simu. Wageni wengine wa ghorofa hii wameondoka jioni, nimebaki peke yangu ukumbi mzima. Mpaka saa tano nililala vizuri. Kisha nikaamshwa na sauti ya chuma kikikwaruza, taratibu, kinasimama, kinaanza tena. Nilijua mara moja wazee watakavyosema. Mwili wangu ulikuwa wa baridi na jasho kwa pamoja. Nilisoma Zaburi zote ninazozijua kwa moyo, nazo si nyingi.

Mwishowe niliamka nikafungua dirisha. Upepo wa kusi ulikuwa unavuma, na mnyororo wa lango ulikuwa umelegea, ncha yake ikibembea na kukwaruza nondo. Niliuona kwa macho yangu chini ya taa ya uwanjani. Ungetarajia nipumue, nirudi kulala. Sikupumua. Kujua ni lango hakukunisaidia kitu, kwa sababu sikuwa naogopa sauti. Niliaibika. Chini ya kitanda changu kuna sakafu, chini ya sakafu kuna chumba, na mimi nilipita lango mchana kweupe na begi mgongoni, nikaulizia chumba kina feni au hakina.

Kama wapo, wamenivumilia.

Jumamosi

Niliamka na macho mazito, nikapanda daladala ya Uwanja wa Ndege nikashuka njia ya Mbweni. Nilihitaji kuona walikopelekwa waliopona.

Misheni ilinunua shamba Mbweni mwaka 1871, ikawagawia waliokombolewa viwanja wajenge na kulima. Magofu ya shule ya wasichana ya Mtakatifu Maria yapo bado, kuta za matumbawe zilizoingiwa na mizizi. Caroline Thackeray aliiongoza miaka mingi, na alizikwa huku huku mwaka 1926. Kanisa la Mtakatifu Yohane, la mwaka 1882, lingali linatumika. Ni dogo, na kivuli cha miti kinalifunika karibu lote.

Niliona jambo ambalo sikulitegemea: nilipofika makaburini hofu yote iliniachia. Ni kimya, lakini kimya cha watu waliolala. Waliozikwa huku walizikwa kwa sala na kwa watu wa kuwalilia, hata kama misalaba ya wengi imeoza zamani. Hakuna aliyenisimulia habari za vishindo Mbweni. Nilimuuliza baba mmoja aliyekuwa anafyeka nyasi, akashangaa swali lenyewe. "Hapa? Hapa wamepumzika, kijana."

Nilimsaidia kufyeka kidogo. Tulikunywa maji ya dafu. Nikarudi mjini na jua la magharibi, na usiku ule nililala moja kwa moja.

Jumapili

Ibada ya Kiswahili ilikuwa asubuhi na mapema. Kanisa nililoliona Ijumaa likiwa tupu, la sauti za viatu vya watalii, sasa lilikuwa na akina mama wa kanga, watoto wa viatu vipya, kwaya yenye besi nzito. Nyimbo zilipanda kwenye lile paa na kurudi chini zimeongezeka, kama waimbao ni mara mbili ya waliokaa. Wakati wa meza ya Bwana watu walipanga mstari kuelekea mbele. Nikawa naangalia miguu. Kila mmoja, mzee kwa kijana, alilizunguka lile duara jeupe. Hata mtoto wa miaka minne hivi, aliyeshikwa mkono na mama yake, alivutwa taratibu pembeni. Alipotazama juu kuuliza, mama alimwekea kidole mdomoni.

Wazee wa barazani ni Waislamu na waimbaji hawa ni Wakristo, na hakuna aliyewakalisha pamoja kuwafundisha. Lakini wanapita mahali pale kwa adabu moja.

Baada ya ibada nilifungasha begi, nikakabidhi ufunguo. Boti yangu ilikuwa ya mchana. Nilimwomba dada wa mapokezi niende chini mara moja tu kabla wageni hawajaanza kuja. Akaniambia nenda, hakuna mtu.

Nilisimama ngazi ya juu. Chini kulikuwa na giza na kile kipande cha mwanga kutoka tunduni. Nilivua kofia. Nikasema, si kwa sauti kubwa, "Hodi."

Sauti yangu ilishuka, ikapotea.

"Hodi wenyewe."

Barabarani mtu alipita na baiskeli, kengele ikalia. Nikangoja mpaka ipite.

"Hodi. Mimi ni wa Mnyasa. Mama wa bibi wa bibi yangu. Jina lake jingine hatukuachiwa."

Kila mtoto wa pwani anafundishwa: ukipiga hodi mara tatu usiitikiwe, unageuka unaondoka. Huchungulii, husukumi mlango. Nilingoja kuliko inavyohitajika, mkono ukiwa ukutani, na jiwe lilikuwa na unyevu wa asubuhi. Kisha nikageuka, nikapanda, nikavaa kofia nje ya lango.

Bandarini nilimpigia Bibi. Alipokea akiwa na pumzi za kazi.

"Uliingia?" akauliza.

"Siku ya kwanza niliingia bila hodi, Bibi. Nisamehe. Leo nimepiga tatu. Sikuitikiwa, nikarudi."

"Ulijitaja?"

"Nilisema mimi ni wa Mnyasa."

Akanyamaza. Nikasikia ungo unapanda na kushuka, unapanda na kushuka, nikasikia na pumba zikipeperushwa.

"Haya," akasema. "Njoo nyumbani, baba. Wali utakukuta."